Nane Iliyokatwa Ubavu

Kifuniko cha mtungi wa babu, hapa Soroti,
nimekisugua kwa majivu na mafuta ya taa
tangu saa mbili asubuhi. Yametoka masizi,
likatoka povu kavu la pombe ya ulezi,
na chini yake, kijani:
kijani cha kisamvu kilichokolea chunguni.

Nakigeuza. Ndani kuna rangi nyingine,
bluu isiyokuwa bluu, yang'aa kama mgongo wa nzi.
Miaka kumi na tisa nagonga ribiti
karakana ya chuo cha urubani.
Hili si bati la duka.
Hii ni ngozi ya ndege.

Koplo Ekwaru hakuwa msemaji.
Alisema Bama. Alisema mvua.
Alisema nyumbu walizama topeni na mizigo mgongoni.
Alisema: iliangukia ng'ambo ya kambi,
ikaungua, mkia ukabaki,
nami nilikuwa na mkasi wa bati.
Basi.

Leo nasoma alivyokata.
Tarakimu nyeupe, za brashi, mtu aliinama akazichora:
tatu, kistari, kisha moja, kisha saba,
na inayofuata imeliwa na ukingo.

Marubani wa nchi kavu, kule Japani,
mkiani walipenda picha: ua, mshale, radi.
Wanamaji waliandika. Kikosi kwanza,
kistari, halafu namba ya ndege yenyewe,
na namba ya mia na kitu ni ya ndege ya kivita,
kiti kimoja, hakuna wa kuzungumza naye.
Hapo nimefika bila taabu.
Lakini mwanamaji alifuata nini juu ya bonde lile,
siku ngapi mbali na chumvi?
Na Mteso je, alifuata nini chini yake?

Kinachonikaba ni hii tatu.
Ncha zake zinaishia pale pale
mkasi ulipopita.
Nane iliyokatwa ubavu ni tatu.
Vikosi viwili, viwanja viwili,
orodha mbili za vijana wasiorudi,
na katikati upana wa kidole changu.

Ubavu uko Serere. Kipande kilichobaki
babu alikikunja faneli, akampa shangazi Apolot
alipoolewa, auzie mafuta ya taa.
Nikapanda bodaboda, kifuniko ndani ya koti,
kila shimo la barabara likinipiga kifuani kwa chuma cha watu.

Faneli ikaletwa, inanuka.
Nikaweka ukingo kwa ukingo: vikashikana kama midomo.
Nje hapana kitu. Mikono ya shangazi na matambara yake
vimekula rangi yote; labda weupe kidogo,
labda ni macho yangu.
Ndani, kwenye ile bluu ya nzi,
mikwaruzo ya msumari. Moyo ukaruka.
Nikadhani ni Kijapani.

Shangazi hajui kusoma. Akapapasa kwa kidole gumba.
"Hiyo namba ya baba," akasema,
akasimama, visigino pamoja, umri wote ule,
akaitaja kwa Kiswahili cha kambini,
tarakimu moja moja, bila kutazama,
kama alivyofundishwa akiwa na meno ya maziwa,
akamalizia na "Efendi!"
hata kuku wakatawanyika.

"Na kikosi chake, shangazi? Betalioni ya ngapi?"
"Kikosi?" Akafikiri. Akaketi.
"Huyo wa ndege ndiye uliyekuja kumuuliza."

Nimeandika kwenye daftari la karakana:
Wanamaji. Ndege ya kivita. Tatu au nane.
Mstari wa chini, kwa kalamu ile ile:
Ekwaru. Namba ipo. Kikosi
na hapo nikaacha nafasi,
kwa sababu mtoto alikuwa mlangoni na chupa ya soda,
na shangazi amenyoosha mkono:
lete faneli yangu, mteja anangoja.